Jua si la Taa Peke Yake

Ipo itikadi iliyoenea katika nchi yetu ya Kenya, wasomi na wasiosoma wakiishiriki kwa pamoja, kwamba nguvu ya jua ni riziki ya muda kwa wale ambao stima haijawafikia. Kwamba yatosha kuwasha taa, kuchaji simu na kuimbisha redio, lakini kazi nzito za dunia, kama kuendesha viwanda, kumwagilia mashamba makubwa na kuhudumia miji, zitabaki milki ya mafuta, makaa na mabwawa hata mwisho wa zama. Itikadi hiyo ni batili, na madhara yake si haba, kwa kuwa taifa linaloiamini huishi chini ya neema kubwa likiitaka fadhila ndogo.

Tuanze na hesabu, maana hesabu ni hakimu asiyependelea. Nishati yote wanayoitumia wanadamu kwa mwaka, ukijumlisha petroli, gesi, makaa ya mawe, kuni na umeme, ni kiasi cha kilowati-saa trilioni 180. Katika nchi za ikweta kama yetu, mita moja ya mraba hupokea takriban kilowati-saa 5 za jua kwa siku, na paneli nzuri za siku hizi hugeuza sehemu moja katika tano ya hizo kuwa umeme. Basi mita hiyo hutoa kilowati-saa 1 kwa siku, yaani 365 kwa mwaka. Ukigawanya utaona kwamba haja yote ya ulimwengu yaweza kukidhiwa na paneli za kilomita za mraba laki tano hivi, eneo dogo kuliko Kenya, ambayo ina zaidi ya 580,000. Hata ukiongeza mara mbili kwa ajili ya vumbi, joto na nafasi za kupita, jumla haifiki sehemu moja katika nane ya jangwa la Sahara. Anayedai kwamba jua halitoshi, basi, hana budi kutafuta hoja nyingine, kwani ya uchache imekwisha kuanguka.

Hoja anayoikimbilia aghalabu ni ya usiku: jua huchwa, na haja za watu hazichwi nalo. Namwalika mwenye hoja hiyo aje Ahero, katika kaunti ya Kisumu. Katika uwanda huu wa Kano, tangu mwisho wa miaka ya 1960, skimu ya mpunga imekuwa ikiyapandisha maji ya mto Nyando kwa pampu za umeme, na jirani yake ya Kano Magharibi huvuta yake kutoka Ziwa Victoria. Na mwanzoni mwa karne hii, gharama ya kupandisha maji ikiwa miongoni mwa sababu, kilimo cha skimu kilizorota hata mashamba yakakaa bila mpunga, mto ukiendelea kupita kando yake. Je, mpunga huuliza maji yalipandishwa saa ngapi? Pampu ikifanya kazi tangu jua la asubuhi hata alasiri, maji hukaa katika majaruba na mifereji usiku kucha, na hapo kazi ya mchana imekwisha kuwekwa akiba bila betri hata moja. Na siku ambazo mawingu hulifunika jua ndizo aghalabu siku za mvua, ambapo haja ya pampu hupungua yenyewe.

Wala jambo hili si ndoto ya kizazi chetu. Mwaka 1913, huko Maadi karibu na Kairo, Mmarekani Frank Shuman alisimamisha vioo virefu vilivyokusanya miale ya jua, vikachemsha maji, na mvuke wake ukaendesha pampu ya kumwagilia mashamba kwa maji ya Nile, mto ambao tawi lake moja kuu hutoka katika ziwa letu hili. Mtambo ulifanya kazi kama ulivyokusudiwa. Kilichoukatiza ni Vita Kuu ya kwanza, kisha petroli rahisi, wala si udhaifu wa jua. Na tangu hapo watu wamezoea kuyataja maamuzi ya wanadamu kana kwamba ni sheria za maumbile.

Nakiri kwamba umeme wa mji hauwekeki akiba ndani ya jaruba, na kwamba Wakenya hutumia umeme kwa wingi kabisa jioni, taa zikiwashwa na vyakula vikipikwa. Lakini nchi hii ina Olkaria, ambako mvuke wa ardhini haujui mchana wala usiku, na ina mabwawa kama Masinga na Turkwel, ambayo maji yake yangeweza kuzuiwa wakati jua likifanya kazi na kufunguliwa jua likichwa. Na betri, ambazo bei yake imeshuka sana katika miaka hii, zaweza kujaza pengo linalosalia. Mitambo ya sola ya Garissa, iliyozinduliwa 2019 ikiwa na megawati zipatazo 50, inathibitisha kwamba jua laweza kuingia katika gridi ya taifa; ilhali Muhoroni, jirani yetu wa mashariki, imewekwa mitambo ya kuchoma mafuta ili kuushikilia umeme wa magharibi. Kufua chuma, kurusha ndege na kutengeneza mbolea kwa nguvu ya jua ni kazi ngumu zaidi, nayo itachukua miongo. Lakini ugumu huo ni wa mtaji, ufundi na tadbiri, na mambo hayo yote matatu yamo katika uwezo wa wanadamu.

Atasalia mmoja wa kusema kwamba sola ni ghali. Bei ya paneli ilishuka kwa karibu sehemu tisa katika kumi kati ya 2010 na 2020, na maskini wa Nyanza wamekwisha kuonyesha, kwa taa walizozinunua kwa malipo madogo madogo kupitia simu, kwamba gharama ya mwanzo ikigawanywa hubebeka. Mkopo ulioweza kununua taa, ukipanuliwa na kudhaminiwa na serikali, hushindwaje kununua pampu?

Kwa hiyo shauri langu kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Unyunyizaji na kwa serikali ya kaunti ya Kisumu ni kwamba maji ya mpunga wa Kano yawekwe mikononi mwa jua, paneli ziinuliwe juu ya mafuriko ya Nyando, na hesabu za kila msimu zitangazwe hadharani, ili anayeshuku apate kuzisoma na mkulima ajue alichookoa. Swali la kama jua litawatosha wanadamu limekwisha kujibiwa na hesabu. Lililobaki ni kama wenye madaraka watakubali kulitumia katika kazi ya kweli.