Kiboko Hakitibu ADHD, wala Kidonge Peke Yake

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Kwa bahati mbaya, methali hii hutumiwa mara nyingi kuhalalisha fimbo kwa mtoto asiyetulia darasani, anayepoteza daftari kila wiki na kujibu kabla swali halijakamilika. Baadhi ya watoto hao wana ADHD, yaani hali ya upungufu wa umakini na utukutu uliokithiri, itokanayo na namna ubongo unavyokua. Kumchapa mtoto huyo ili azingatie ni sawa na kumchapa asiyeona mbali ili asome ubaoni.

Dhana potofu kuhusu hali hii hazipo majumbani na shuleni tu. Nyingine zimo katika vyumba vyetu vya kutolea huduma, nazo huwarudisha nyumbani watu waliokwisha kupiga hatua ya kuja kwetu.

Ya kwanza ni kwamba ADHD ni ugonjwa wa Wazungu, au kwamba ilibuniwa na viwanda vya dawa. Daktari Alexander Crichton wa Uingereza aliandika juu ya watu wasioweza kudumisha umakini mwaka 1798, zaidi ya karne moja na nusu kabla methilifenideti haijaingia sokoni mwaka 1954. Hukadiriwa kuwa watoto takribani 5 kati ya kila 100 duniani wana hali hii. Katika darasa la wanafunzi 80, si ajabu wakawamo wanne.

Ya pili ni kuwalaumu wazazi. Tafiti za mapacha zinaonesha kuwa urithi huchangia takribani asilimia 74 ya tofauti za dalili baina ya watu. Malezi hayaleti ADHD, ila yaweza kuupunguza mzigo wake au kuuongeza. Mama anayeambiwa na ukoo mzima kwamba amemdekeza mwanawe hahitaji lawama nyingine kutoka kwa muuguzi.

Ya tatu husikika hata kwa madaktari: "Mbona anatazama katuni saa mbili bila kunyanyuka?" Mwenye ADHD hakosi umakini kabisa, hukosa uwezo wa kuuongoza. Jambo linalompa msisimko na malipo ya papo hapo humshika, ilhali kazi ndefu isiyo na msisimko humponyoka, hata akiipania.

Ya nne ni kwamba hali hii ni ya wavulana watundu, na kwamba huisha wakikua. Msichana aliyekaa kimya dirishani, mawazo yakiwa mbali, hamsumbui mwalimu. Kwa hiyo huitwa mzito wa kuelewa na hakuna anayemleta kliniki. Ukubwani utukutu wa mwili hupungua, lakini kwa wengi kusahau, kuahirisha kazi na papara hubaki. Mtu mzima huyo hubadili ajira mara kwa mara, hugombana na mwenzi wake kwa ahadi zilizosahaulika, na hatari yake ya kupata ajali barabarani ni kubwa kuliko ya wengine.

Dhana ya tano ni kuhusu dawa: kwamba humfanya mtoto zezeta na kumzoesha ulevi. Ni kweli kwamba methilifenideti inadhibitiwa chini ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971. Lakini mofini nayo inadhibitiwa, na hatuwanyimi wagonjwa wa saratani. Tafiti zilizowafuatilia watoto waliotibiwa hazijaonesha kuwa tiba hiyo huwaingiza katika uraibu baadaye. Dawa yaweza kupunguza hamu ya kula, kuchelewesha usingizi na kupandisha kidogo mapigo ya moyo. Kwa hiyo uzito, kimo na shinikizo la damu hupimwa kila ziara. Mtoto akipooza na kunyamaza kupita kawaida, arudishwe kliniki, kwani huenda kipimo cha dawa ni kikubwa mno.

Wapo pia wanaopinga kwa hoja nzito zaidi. Mwaka 2019, na tena mwaka 2021, methilifenideti haikuingizwa katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, kwa sababu ya mashaka juu ya ushahidi uliopo, hasa wa matumizi ya muda mrefu. Hoja hiyo naiheshimu. Hata hivyo, naiona kuwa sababu ya kufuatilia wagonjwa kwa makini, si ya kuwaacha bila tiba.

Aidha, si kila mtoto mchangamfu ana ADHD. Dalili zapaswa kuwa zilianza kabla ya miaka 12, zidumu miezi 6 au zaidi, zionekane mahali zaidi ya pamoja, na zimharibie maisha. Hakuna kipimo cha damu wala picha ya ubongo inayothibitisha hali hii. Mzazi asiuze mbuzi kwa ajili ya CT scan. Barua fupi ya mwalimu wa darasa ina faida zaidi. Chunguzeni pia macho, masikio, kifafa, upungufu wa damu, usingizi, njaa, na kama mtoto anapigwa nyumbani. Ulizeni iwapo aliwahi kuugua malaria kali iliyoathiri ubongo.

Wenzangu wa zahanati na vituo vya afya, kazi kubwa inaweza kuanzia kwenu, kabla ya bingwa na kabla ya dawa. Mfundisheni mzazi kutoa agizo moja kwa wakati mmoja, kusifu papo hapo jambo lililofanywa vizuri, na kuweka ratiba isiyobadilika. Mwombeni mwalimu amkalishe mtoto mbele na kumgawia kazi vipande vifupi. Mwezi mmoja au miwili ikipita bila nafuu, mpeni rufaa. Nawe mgonjwa uliyeitwa mvivu miaka yote hii, njoo upimwe. Umri wako si kizuizi.