Msiwachujie Jometri Watoto wa Ruaruke

Kuna kauli inayopita kwenye vikao vya wazazi, kwenye ofisi za elimu na hata vinywani mwa walimu wenyewe, na inapita bila kupingwa kwa sababu imevaa nguo za huruma. Inasema hivi: mtoto wa kidato cha pili kule Ruaruke, kata ya Wilaya ya Kibiti iliyo ukingoni mwa delta ya Rufiji, hana haja ya kuthibitisha nadharia za pembetatu. Mfundisheni kupima shamba, kupima chumba, kupiga hesabu ya mabati. Hesabu za maisha, basi. Mambo ya "kwa nini" waachieni watakaofika chuo kikuu.

Hicho ni kilemba cha ukoka. Mtoto anasifiwa kwamba yeye ni wa vitendo, kumbe ananyimwa kitu ambacho shule inaweza kumpa na kijiji peke yake kinashindwa.

Maana vitendo Ruaruke vipo tele. Mtu anayetega kamba ya msingi anajua kupata kona kwa tatu-nne-tano, na nyumba ikiwa kubwa anapanda hadi sita-nane-kumi. Anayeezeka anajua kenchi isiyo na mti wa mshazari itayumba siku ya upepo. Fundi wa mashua anapanga mataruma juu ya mkuku kwa jicho, kushoto na kulia vikalingana. Mama anayeshona mkeka kwa ukili wa ukindu anajua, bila rula, lini umbo limeanza kwenda upande. Mwalimu anayeingia darasani kumwambia mtoto wa watu hawa kwamba 3, 4 na 5 hutoa kona ya nyuzi 90 amechelewa. Mjomba alishamwambia, tena akiwa ameshika nyundo.

Mjomba hakumwambia sababu. Naye hakuambiwa. Mbinu isiyo na sababu ina ubaya mmoja: haikuonyeshi inapoishia.

Tazama mbinu ya pili ya mafundi, ile ya kupima kona kwa kona. Ukishasimamisha vigingi vinne unavuta futi kamba kutoka kona hii hadi ile ya mshazari, kisha unapima nyingine mbili. Vipimo vikiwa sawa, vijana wanapiga makofi: msingi umekaa. Lakini chukua nyumba yenye mbele mita 10, nyuma mita 9 na nusu, na kina cha mita 8, huku nyuma imepungua sawasawa kila upande. Pima kona kwa kona: sawa kabisa. Pima ubavu wa kushoto na wa kulia: sawa kabisa. Umbo hilo si mstatili, ni trapeza, na kila kona imekosea karibu nyuzi 2. Hutaliona kosa mpaka bati la kwanza limeshagongwa misumari na la mwisho limeanza kupanda juu ya ukuta. Fundi mzoefu hadanganyiki hapo, kwa sababu kabla ya kuvuta kona kwa kona alishalinganisha mbele na nyuma. Anayedanganyika ni kijana aliyerithi nusu ya mbinu. Ni nani atakayemwambia kwamba ni nusu? Si mtihani unaomuuliza eneo la mstatili ambao tayari umeandikwa kuwa ni mstatili.

Paulus Gerdes, mwanahisabati wa Msumbiji aliyefariki mwaka 2014, aliona mbinu nyingine miongoni mwa wajenzi wa vijijini kwao. Alieleza kwamba wako wanaochukua kamba mbili za urefu mmoja, wakazifunga pamoja katikati kabisa, kisha wakazivuta mpaka zikaze: ncha nne ndizo kona nne za nyumba. Mbinu hii haina tundu. Kamba zikiwa sawa na zikikutana katikati, huwezi kupata trapeza hata ukitaka. Kwa nini ile ya kupima kona kwa kona ina tundu na hii haina? Swali hilo moja lina jometri nyingi kuliko kurasa kumi za fomula, na jibu lake halihitaji zaidi ya pembetatu zinazolingana, mada ambayo kwa miaka mingi imo kwenye muhtasari wa kidato cha pili.

Nirudi kwenye tatu-nne-tano, kwa kuwa hapo ndipo darasa linaponiudhi zaidi. Mwanafunzi anafundishwa kwamba pembetatu ikiwa na kona ya nyuzi 90, mraba wa upande mrefu ni jumla ya miraba ya pande mbili fupi. Vizuri. Lakini fundi hafanyi hivyo! Anakwenda kinyumenyume: anaanza na pande, anadai kona. Nani amempa ruhusa ya kugeuza? Si kila kauli ya kweli hubaki kweli ukiigeuza. Kila mstatili una kona kwa kona zilizo sawa, na tumeona sasa hivi geuzo lake lilivyoharibu paa la mtu. Kwa bahati nzuri geuzo la Pythagoras linasimama, na kulithibitisha kunachukua dakika tano. Chukua pembetatu ya fundi, yenye pande 3, 4 na 5, ambayo kona yake bado hatuijui. Pembeni chora nyingine, hii uipe mwenyewe kona ya nyuzi 90 kati ya upande wa 3 na wa 4. Pythagoras anakwambia upande wake wa tatu lazima uwe 5. Sasa una pembetatu mbili zenye pande tatu zilezile, na pembetatu mbili za namna hiyo hulingana kwa kila kitu, kona zikiwemo. Basi kona ya fundi nayo ni nyuzi 90. Imekwisha. Mada mbili zinazofundishwa mwaka mmoja, mara nyingi kana kwamba hazijuani, zimekutana juu ya kamba ya msingi.

Kwenye shamba, kukosa sababu kunagharimu fedha. Wengi wetu tunapima eka kwa hatua 70 kwa 70, na mtu akitembea hatua 70 kila upande anahesabu amepata eka yake. Hapana. Pande nne za hatua 70 ni rombasi, na rombasi hubanwa kama mkasi. Kona ikiwa nyuzi 90, eka ipo. Ikibanwa hadi 60, umepoteza zaidi ya asilimia 13 ya eneo. Ikifika 30, umelipia eka na umeondoka na nusu. Pande hazijabadilika hata hatua moja! Wauzaji wajanja hawahitaji kujua haya ili wafaidike nayo. Inatosha mnunuzi asiyajue. Na lile shamba lenye pande zisizolingana, ambalo watu hujumlisha pande zinazoelekeana, wakagawa kwa mbili, kisha wakazidisha wastani kwa wastani? Njia hiyo hukuza eneo kila mara, isipokuwa shamba likiwa mstatili halisi. Wapimaji wa Misri ya kale waliitumia. Imeandikwa kwenye kuta za hekalu la Edfu. Herodoto alidai Wagiriki walichukua upimaji kwa Wamisri, ambao Mto Nile uliwafutia mipaka ya mashamba. Rufiji nayo hufuta mipaka, kama watu wa Kibiti na Rufiji walivyoona tena kwenye mafuriko ya Aprili 2024. Alichoongeza Mgiriki juu ya kamba ya Mmisri ni kuuliza lini mbinu ni kweli na lini si kweli. Nyongeza hiyo ndiyo tunayoambiwa ni anasa kwa mtoto wa Ruaruke.

Nimeshaambiwa: wewe waota, watoto wanafeli hata hizo fomula. Kweli wanafeli. Katika mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2022, waliofaulu Basic Mathematics nchi nzima walikuwa takriban asilimia 20, na kufaulu kunaanzia alama 30 kati ya 100. Lakini angalieni matokeo hayo yamepatikana chini ya falsafa ipi. Ni hiyohiyo ya kariri utafaulu. Imepewa miaka, imepewa vitabu, imepewa masomo ya ziada jioni, na bado mwaka huo watoto wanne kati ya watano walianguka. Anayetetea kukariri ndiye anayedaiwa maelezo, si mimi. Fomula ya eneo la trapeza isiyo na sababu ni namba ya simu ya mtu usiyemjua: ukisahau tarakimu moja, huna pa kuanzia. Aliyewahi kuikata trapeza kwa mkasi na kuiunganisha ataitafuta upya ndani ya chumba cha mtihani.

Ninajua pia kwamba mtaala ulioanza kutekelezwa Januari 2024 una mkondo wa amali, na sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na wanaosikia neno amali wakaelewa kupunguza kufikiri. Hao hupenda kuishika Elimu ya Kujitegemea ya Mwalimu Nyerere, ya mwaka 1967, wakanukuu jembe na shamba la shule. Wanaruka pale Mwalimu aliposema elimu imjenge mtu mwenye akili ya kudadisi, mwenye kuweza kujifunza kwa wengine na kukataa au kurekebisha anachokipokea, anayejiamini kuwa yu sawa na wenzake. Hakuna somo la sekondari linalomzoeza mtoto kukataa kwa sababu, bila matusi wala cheo, kama uthibitisho wa jometri. Mtoto wa kidato cha pili anaweza kumwambia mwalimu wake, "hapo umeruka hatua," na mwalimu akalazimika kurudi.

Delta yenyewe imeshaona jometri ya watu wengine ikifanya kazi juu ya vichwa vya wenyeji. Mwaka 1915 meli ya kivita ya Wajerumani, Königsberg, ilikuwa imejificha kwenye mikono ya Rufiji. Manowari za Waingereza Severn na Mersey ziliipiga kutoka mbali huku mikoko ikiwakinga wasionane, ndege ikitoa taarifa makombora yanaangukia wapi na wapiga mizinga wakirekebisha pembe, hadi Julai 11 ilipokwisha. Siku hizi wageni hawaji na mizinga, wanakuja na ramani. Kijiji kinaandaliwa mpango wa matumizi ya ardhi, ramani inabandikwa mbele ya mkutano, na watu wanatakiwa kukubali au kukataa mstari unaopita kati ya msitu wa mikoko na mashamba ya mpunga. Kwenye ramani ya kipimo cha 1 kwa 10,000, kila sentimita moja ya mraba ni hekta nzima. Kalamu nene ikiteleza milimita 2 kwenye mpaka wa sentimita 10, hekta 2 zimehama. Anayeelewa maumbo yanayofanana atanyanyua mkono. Asiyeelewa atasaini mahudhurio.

Kwa hiyo kwa darasa la jometri la Ruaruke nataka kidogo, ila nakitaka kwa ukali. Mtoto anayemaliza kidato cha pili aweze kusimama ubaoni na kueleza kwa nini tatu-nne-tano inafanya kazi, kwa Kiswahili akipenda, hata kama mtihani utamuuliza kwa Kiingereza. Aweze kuonyesha mfano mmoja unaovunja kauli ya uongo. Akipewa mbinu ya fundi, aseme inahitaji sharti gani ili isimdanganye. Msinijibu kwamba hakuna vifaa. Bikari na kipimapembe vikikosekana, kamba zipo na uwanja upo. Kipindi kimoja kwa wiki, darasa litoke nje na vigingi vinne, liambiwe kuunda umbo ambalo kona kwa kona zake ni sawa lakini si mstatili, kisha lieleze lingeongeza kipimo gani ili umbo hilo lishindwe kupita. Na mwalimu asitoe jibu hadi wiki inayofuata.