Magitaa Tunayaua Wenyewe, Halafu Tunasingizia Baridi

Jamani, leo nina hasira kidogo, mnivumilie.

Juzi nilipita kanisa moja mtaani kwetu hapa Mbeya (jina kapuni). Nikakuta gitaa la kwaya limetupwa stoo, kile kibao kinachoshika nyuzi kimeng'oka na kuondoka na kipande cha tumbo. Vijana wanaimba kwa kupiga makofi tangu Pasaka. Nikamuuliza mwalimu wa kwaya kulikoni. Akanijibu, "Mdogo wangu, hii baridi ya huku haipatani na magitaa. Tena haya ya Kichina, ndiyo kabisaaa!"

Baridi? Nikaliangalia vizuri. Lilikuwa gitaa la nyuzi za nailoni, wao wakalifunga nyuzi za chuma "ili litoe sauti". Wadau, nyuzi sita za chuma zikikazwa sawasawa zinavuta kwa nguvu ya kilo 70 hivi, uzito wa mtu mzima. Za nailoni zinavuta karibu nusu yake tu. Sasa hapo Mchina kakosa nini?

Sikatai, hali ya hewa yetu ina mambo yake. Mbeya tuko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na Iringa hawako chini sana. Mvua zikiisha karibu mwezi wa tano, tunakaa ukame mpaka Oktoba au zaidi. Mbao zinapoteza unyevu, zinasinyaa, zinapasuka. Masika ikirudi zinavimba. Lakini Ulaya na Marekani nako kuna baridi kuliko yetu, na vyumba vyao vya kupashwa moto vinakausha mbao vibaya sana. Mbona Willie Nelson, mwanamuziki wa Marekani, amepiga gitaa lile lile kwa zaidi ya miaka 50, tangu alipolinunua mwaka 1969? Limetoboka tumbo, lakini fundi analiangalia na linaendelea kula mzigo. Nalo ni la nyuzi za nailoni!

Sisi je? Iringa mwezi wa saba utakuta jiko la mkaa sebuleni, na gitaa limening'inizwa ukutani juu yake kama nyama ya kukaushwa. Mwingine anakula chipsi, anajifuta kwenye suruali, anashika gitaa. Akitaka kulisafisha analipaka mafuta ya taa, au ya alizeti "ling'ae". Mafuta ya kupikia yanachacha, yananata na kukusanya vumbi. Halafu tunalalamika eti nyuzi zinaota kutu!

Kinachotakiwa hakihitaji mfadhili. Nawa mikono kabla ya kupiga. Ukimaliza, futa nyuzi juu na chini kwa fulana kuukuu ya pamba, maana jasho lina chumvi na chumvi inakula chuma. Tumboni pitisha kitambaa chenye unyevu kidogo tu, kisha kikavu. Ukibadilisha nyuzi, ndiyo nafasi ya kuondoa uchafu uliojikusanya kandokando ya vile vichuma vya shingoni. Gitaa likae kwenye begi lake, mbali na jiko na dirisha la jua. Kiangazi chukua kile kisanduku cha sabuni chenye matundu, weka ndani sponji uliyoilowesha na kuikamua sana, kitumbukize kwenye begi. Basi! Na nyuzi za chuma usizifunge kwenye gitaa la nailoni, hata ukiombwa na mchungaji.

Najua kuna atakayesema "hatuna hela". Ndugu yangu, fulana kuukuu ni shilingi ngapi? Ni sisi tusio na hela ndio tunaopaswa kutunza kuliko wote, maana mwenye nazo atanunua jingine kesho. Ile kwaya itachangishana miezi mingapi?

Tatizo hasa ni kwamba gitaa la kwaya ni la wote, na cha wote hakina mwenyewe. Kila mtu analipiga, hakuna anayelifuta. Mchagueni kijana mmoja, mkabidhini gitaa na kitambaa, likiharibika aulizwe yeye. Bila hivyo mtanunua jipya, na mwakani nitalikuta stoo ile ile, pembeni ya mwenzake.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na sisi hata ufa tunauchimba wenyewe, kisha tunaulaumu mwezi wa saba.

Au nasema uongo, wadau?