Sikukuu ya Mfalme, baridi ya Juni na nasaba za watu wa Botany

Jumatatu ya pili ya mwezi Juni huwa siku ya mapumziko katika jimbo la New South Wales nchini Australia. Kalenda huitaja kuwa sikukuu ya kuzaliwa kwa Mfalme. Wakaazi wengi wa Sydney huelekea kwenye milima ya kusini, ambako msimu wa theluji hufunguliwa rasmi mwishoni mwa wiki hiyo. Upande huo wa dunia, Juni ni mwezi wa baridi.

Hata hivyo, Mfalme mwenyewe hakuzaliwa siku hiyo. Charles wa Tatu alizaliwa tarehe 14 Novemba 1948. Mama yake, Malkia Elizabeth wa Pili, aliyesherehekewa kwa mapumziko hayo hayo hadi alipofariki Septemba 2022, alizaliwa tarehe 21 Aprili 1926. Mwenye tarehe ni Mfalme George wa Tano, babu yake Elizabeth, aliyezaliwa tarehe 3 Juni 1865. Alipofariki mwaka 1936, sehemu kubwa ya Australia ilibaki na mapumziko ya Juni, na hadi leo inaadhimisha siku ya mtu ambaye hayupo.

Kwa mtafiti wa nasaba, huo ni mfano wa jinsi ukoo mmoja unavyoweza kuwapangia watu wengine kalenda. Lakini kwa familia za Waaborijini wanaoishi jirani na bandari ya Port Botany, uhusiano wa sikukuu ya kifalme na majira ya baridi una uzito mwingine. Ni katika siku kama hizo ambapo majina ya mababu zao yaliandikwa.

Mablanketi ya Malkia

Port Botany ni bandari kuu ya makontena ya Sydney. Ilijengwa katika miaka ya 1970 kwenye ufukwe wa kaskazini wa Ghuba ya Botany, sehemu yake ikiwa juu ya ardhi iliyofukiwa baharini. Mwendo mfupi kusini mwa gati zake kuna mtaa wa La Perouse, makaazi ya jamii ya Waaborijini ambayo mwaka 1895 serikali iliitengea kipande cha ardhi cha kukaa. Ng'ambo ya ghuba ni Kurnell, mahali alipotua nahodha wa Kiingereza James Cook tarehe 29 Aprili 1770.

Tangu enzi za Gavana Lachlan Macquarie, aliyetawala kuanzia mwaka 1810 hadi 1821, utawala wa kikoloni uligawa mablanketi kwa wenyeji. Baadaye ugawaji huo ulifungamanishwa na sikukuu ya kuzaliwa kwa Malkia Victoria, tarehe 24 Mei, baridi inapoanza. Watu waliokwisha kunyang'anywa ardhi ya kuwinda, na pamoja nayo ngozi za wanyama walizojifunika, walipanga foleni kupokea zawadi ya Malkia.

Karani aliyegawa mablanketi aliandika orodha. Zile za miaka ya 1830 zina safu za jina la Kizungu, jina la asili, umri wa kukadiria, idadi ya wake na watoto, kabila, na sehemu ambayo mhusika alizoea kuonekana. Kwa karani, hiyo ilikuwa hesabu ya bidhaa za serikali. Kwa kitukuu wa aliyeandikwa, huenda ikawa ndiyo karatasi pekee inayomtaja babu yake.

Orodha hizo zina kasoro zake. Makarani waliandika majina kama walivyoyasikia, hivyo mtu mmoja huweza kuonekana kwa tahajia tatu. Wanawake wengi walihesabiwa tu kama wake wa fulani. Aliyekataa blanketi, au aliyekuwa safarini siku hiyo, hakuandikwa kabisa. Msomaji wa Afrika Mashariki atakumbuka kipande cha Kenya, hati ambayo wanaume Waafrika walilazimishwa kuibeba baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Nacho kilikusudiwa kumdhibiti kibarua, lakini kilihifadhi jina lake, kabila lake na alama za vidole vyake.

Koo mbili, kumbukumbu mbili

Ukoo wa kifalme haukupata kuhitaji orodha ya mablanketi. Kila ndoa, kila kuzaliwa na kila msiba wake umeandikwa kwa tarehe na mahali. Inajulikana kwamba familia hiyo huadhimisha Krismasi Sandringham, mashariki mwa Uingereza, na kwamba Mfalme George wa Sita alifia huko usingizini alfajiri ya tarehe 6 Februari 1952. Inajulikana pia kwamba binti yake Elizabeth alikuwa amelala Treetops, katika misitu ya Aberdare nchini Kenya, na kwamba habari ilimfikia akiwa Sagana, katika nyumba aliyozawadiwa na serikali ya koloni alipoolewa. Safari aliyokuwa nayo ilikuwa imfikishe Australia. Kwa miaka mingi baadaye, Malkia alikaa Sandringham majira ya baridi hadi kumbukumbu ya siku hiyo ipite.

Upande wa pili wa ghuba ya Botany, mwaka 1845 mzee aliyeitwa Mahroot alihojiwa na kamati ya bunge la koloni. Aliieleza kwamba watu wake walikuwa wapatao mia nne enzi za Macquarie, na kwamba waliosalia ni wanne tu. Kauli hiyo ilitumiwa baadaye kama ushahidi kwamba wenyeji wa pwani ya Sydney walikwisha.

Utafiti wa nasaba umeonesha vinginevyo. Mwanahistoria Paul Irish, katika kitabu kilichochapishwa mwaka 2017, alifuatilia jinsi watu hao walivyoendelea kuishi kandokando ya jiji, wakioana na ndugu zao wa pwani ya kusini na kuhama kwa njia zile zile za wazee wao. Miongoni mwa koo zinazojulikana La Perouse ni ule wa Timbery. Emma Timbery, aliyefariki mwaka 1916, aliitwa Malkia wa La Perouse, na kazi zake za kupamba kwa makombe ya baharini zilioneshwa London mwaka 1910. Kitukuu wake, Esme Timbery, aliendeleza sanaa hiyo hadi alipofariki mwaka 2023.

Si burudani ya wastaafu

Katika nchi nyingi, kutafuta nasaba ni shughuli ya watu wenye wasaa. La Perouse ni suala la haki. Sheria ya Australia ya mwaka 1993 kuhusu umiliki wa asili wa ardhi inawataka wanaodai kuonesha kwamba mila na uhusiano wao na ardhi havikukatika tangu enzi za mababu. Anayetakiwa kuthibitisha ni yule yule ambaye serikali ilivuruga familia yake. Tangu mwaka 1915, bodi iliyosimamia Waaborijini wa New South Wales ilikuwa na uwezo wa kuwachukua watoto kutoka kwa wazazi bila kwenda mahakamani. Uchunguzi wa kitaifa uliotolewa mwaka 1997 ulieleza madhara yake, na mwaka 2008 Waziri Mkuu Kevin Rudd aliomba radhi bungeni.

Ndiyo maana sherehe za kifalme hazipokelewi kwa moyo mmoja. Tarehe 29 Aprili 1970, Malkia Elizabeth alipokuwa Kurnell akitazama maigizo ya kutua kwa Cook, waandamanaji La Perouse walitupa mashada ya maua baharini kuomboleza. Oktoba 2024, Mfalme Charles alipotembelea Canberra, Seneta Lidia Thorpe, ambaye ni Mwaborijini, alimpigia kelele bungeni akimkana.

Lakini mwaka huo huo ulionesha matunda ya subira. Mwezi Aprili 2024, chuo cha Trinity cha Cambridge kiliirejeshea jamii ya La Perouse mikuki minne iliyochukuliwa na Cook na watu wake mwaka 1770. Waliopokea hawakuwa wageni kwa mikuki hiyo. Walikuwa wazao wa watu wa ghuba ile ile.

Afrika Mashariki inalijua somo hili. Tanganyika, Uganda na Kenya ziliachana na taji la Uingereza kati ya mwaka 1962 na 1964, na sikukuu za kifalme zikafutwa. Makabrasha yalibaki. Mafaili ya Kenya yaliyofichwa Hanslope Park, Uingereza, yalifichuliwa mwaka 2011 wakati wa kesi ya wazee wa Mau Mau, na miaka miwili baadaye serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa fidia Wakenya zaidi ya elfu tano.

Mtawala huandika kwa manufaa yake, na mara nyingi huandika vibaya. Hata hivyo, karatasi haichagui msomaji. Mjadala wa kuendelea kuwa na mfalme huibuka Australia kila Juni. Vyovyote utakavyoamuliwa, familia za Botany zitaendelea kuhitaji milango ya nyaraka ibaki wazi, kwa kuwa ndani yake mna majina ambayo hayakuandikwa mahali pengine popote.