Kitabu Kisitufumbe Macho

Ndugu waalimu, ukipita leo katika shule nyingi za pwani, saa ya somo la sayansi, utaona jambo la kusikitisha. Bahari inavuma nyuma ya ukuta, na watoto wameipa kisogo, wananakili kutoka ubaoni: Maji ya bahari hujaa na kupwa kwa kuvutwa na mwezi na jua. Wakiisha kunakili huambiwa wakariri, na somo limekwisha. Wako waitao kazi hiyo elimu. Sisi twaona ni kumfunza kasuku kusema.

Wala hatuwasemi wengine tukajisahau. Sisi wenyewe tulipata kuchora ubaoni jua, mwezi na dunia katika mstari mmoja, tukawaambia watoto kwamba bamvua kubwa kabisa huwa siku ile ile ya mwezi mpevu au ya mwezi mwandamo. Mtoto wa mvuvi akasimama, akasema kwa adabu, "Mwalimu, baba husema maji makubwa huja siku moja au mbili baadaye." Tukamwambia akae, kwani picha ya kitabu haikuonyesha hivyo. Lakini neno lake lilitukaa moyoni. Tukasimamisha mti pwani, tukautia alama za sentimita, tukawapa watoto zamu ya kuusoma kila maji yalipojaa mchana, mwezi mzima. Mvuvi alikuwa amesema kweli. Bahari ni nzito, haiuitikii mwezi papo hapo. Sisi tulikuwa tumefundisha picha, hatukufundisha bahari.

Makosa hayo si yetu peke yetu. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa shule ya Magamba, Tanganyika, alitia maziwa ya aiskrimu katika jokofu yangali ya moto, akaona yameganda kabla ya yale ya mwenzake yasiyochemshwa. Alipouliza sababu, mwalimu wake alimwambia kwamba amechanganyikiwa. Kumbe rafiki yake aliyeuza aiskrimu mjini Tanga alilijua jambo lile kwa kazi yake ya kila siku! Kijana hakunyamaza. Alipokuwa akisoma Mkwawa, Iringa, alimwuliza Dakta Denis Osborne, aliyetoka chuo kikuu cha Dar es Salaam. Wanafunzi wenziwe wakacheka, lakini mgeni yule hakucheka. Alikwenda akapima, na mwaka 1969 wakatoa makala pamoja. Hata leo wataalamu wangali wakibishana juu ya jambo hilo. Lakini wasingekuwa na la kubishania kama yule kijana angalikubali kukaa chini.

Wako watakaotujibu, "Shule yetu haina vyombo." Mkebe wenye kuta zilizosimama wima, pamoja na rula, vyatosha kupima mvua. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Basi paa la shule lenye urefu wa mita 20 na upana wa mita 6, likinyeshewa milimita 25, hupokea lita 3,000. Mtoto ambaye mama yake huteka maji mbali, akiisha kupiga hesabu hiyo mwenyewe, hatauliza tena sayansi ni ya nini. Atauliza mbona paa la shule halina mifereji wala tangi.

Wengine watasema, "Mtihani hauulizi hayo." Lakini aliyejaza jedwali kwa mkono wake hatishwi na jedwali la mtihani.

Tena wako watakaonung'unika kwamba twawarudisha watoto katika maneno ya wazee. La, sivyo! Maneno ya wazee nayo tutayapima. Wakisema vuli imepungua, tuandike milimita mwaka kwa mwaka. Yasipolingana na hesabu tutawaambia, kwa heshima. Kipimo hakimpendelei mzee wala hakikipendelei kitabu.

Ila sharti moja lipo, nalo ni kubwa: hesabu ziwe za kweli. Mtoto akikosa siku, aache mahali pake patupu, asibuni. Na mwalimu abadilishaye hesabu za mtoto ili zifanane na kitabu, huyo amefundisha uongo, hata kama kitabu ni sahihi.

Basi, ndugu zetu, hatuombi fedha wala jumba la maabara. Twaomba mti mmoja, mkebe mmoja na daftari moja, navyo vianze kazi masika haya yajayo, bila kungoja amri ya mkaguzi. Na mtoto akisimama akasema, "Mwalimu, mimi sikuona hivyo," tusimwambie akae. Tumpe rula, tufuatane naye nje.