Hisa za mafuta: Kwa nini habari humfikia mwekezaji mdogo mwisho

KILA tarehe 14 ya mwezi, Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA) inapotangaza bei mpya za mafuta, mtaa wa Shirere mjini Kakamega hupata habari upesi. Mwendeshaji wa bodaboda hupiga hesabu ya nauli ya kesho yake. Mwenye kibanda cha mboga hukisia atakacholipa ili bidhaa zimfikie kutoka sokoni.

Lakini hapo hapo mtaani wapo wanaolisikiliza tangazo hilo kwa namna nyingine. Hao ni walimu, wauguzi, wafanyakazi wa kaunti na wastaafu ambao kwa miaka mingi wameambiwa kwamba akiba iwekwe katika hisa, si chini ya godoro. Walionunua hisa za kampuni za mafuta hujiuliza swali lisilo na jibu rahisi: ikiwa petroli imepanda, mbona thamani ya hisa zao haipandi nayo?

Swali hilo si la ujinga. Linatokana na mantiki ya sokoni, ambako mwenye mahindi hufurahi bei ya mahindi inapopanda. Biashara ya mafuta nchini Kenya, hata hivyo, haiendeshwi kwa mantiki hiyo. Tangu Desemba 2010, serikali ilipoanza kuweka bei ya juu kabisa inayoweza kutozwa kwenye pampu, faida ya muuzaji imekuwa ikipangwa kwa shilingi katika kila lita. Bei ikiwa juu au chini, kiasi anachoruhusiwa kubaki nacho hakibadiliki hadi mdhibiti atakapokipitia upya.

Kwa hivyo bei inapopanda, kampuni haichumi zaidi. Kinyume chake, huhitaji mtaji mkubwa zaidi kununua shehena ile ile, na mara nyingi mtaji huo ni mkopo wenye riba. Hali ilikuwa mbaya zaidi serikali iliporudisha ruzuku ya mafuta mwaka 2021. Kampuni ziliuza kwa bei ya chini zikiahidiwa kufidiwa baadaye, na fidia ikachelewa. Kufikia Aprili 2022 madereva walikuwa wakipanga foleni kwenye vituo vilivyokauka, huku kampuni zikiidai serikali mabilioni ya shilingi.

Hilo ni somo la kwanza ambalo mwenye hisa mdogo hulipata baada ya kulipa karo yake: bei ya mafuta na bei ya hisa za kampuni ya mafuta ni vitu viwili tofauti. Somo la pili ni chungu zaidi, na hakuna kampuni iliyolifundisha vizuri kuliko KenolKobil.

Kampuni hiyo, iliyoanzishwa mwaka 1959 kwa jina la Kenya Oil, ilikuwa miongoni mwa majina makongwe katika Soko la Hisa la Nairobi (NSE). Vituo vyake vilijulikana na kila msafiri, na kwa Mkenya wa kawaida ilikuwa rahisi kuamini kwamba anajua anachokinunua. Mei 2012 zikatoka habari kwamba Puma Energy, kampuni ya kimataifa ya mafuta, ilikuwa ikizungumza na wenye hisa wakubwa ili iinunue. Waliotumaini kulipwa vizuri mnunuzi atakapofika wakajitosa.

Mnunuzi hakufika. Mazungumzo yalivunjika mapema mwaka 2013, na hesabu za mwaka 2012 zilipotolewa zikaonyesha hasara ya zaidi ya Sh6 bilioni. Sehemu kubwa ya hasara hiyo ilitokana na mikataba ya fedha za kigeni na gharama za mikopo, baada ya shilingi kuyumba vibaya mwaka 2011. Mwenye hisa aliyehesabu magari yanayoingia katika kituo cha Kenol hangeweza kuiona hasara hiyo. Ilikuwa imefichama katika vitabu, mahali ambapo jicho lake halifiki.

Ilichukua miaka kadhaa kampuni kusimama tena. Ndipo ikaja Oktoba 2018. Rubis Énergie ya Ufaransa ilinunua karibu robo ya hisa za KenolKobil, kisha ikatangaza kwamba iko tayari kununua zilizosalia kwa Sh23 kila moja. Wiki chache kabla ya tangazo hilo, hisa hizo zilikuwa zikiuzwa kwa karibu Sh15.

Kabla umma haujaambiwa lolote, ununuzi wa hisa za KenolKobil ulikuwa umeongezeka kwa njia isiyo ya kawaida. Mamlaka ya Masoko ya Mitaji (CMA) ilianzisha uchunguzi na kufunga akaunti kadhaa zilizotiliwa shaka.

Mjadala wa wakati huo uliwahusu zaidi walionunua: walikuwa nani, na walijuaje? Ni wachache waliouliza habari za waliouza. Ilhali kila hisa iliyonunuliwa katika siku hizo iliuzwa na mtu. Chukua mfano wa mwalimu mstaafu mwenye hisa 2,000. Ameishikilia hasara tangu mwaka 2013, na sasa anaona bei imesogea hadi Sh16. Anashukuru Mungu, anauza, anapata Sh32,000. Siku chache baadaye anasikia kwamba hisa zile zile zingempa Sh46,000. Tofauti ya Sh14,000 ni ndogo kwa benki ya uwekezaji. Kwa nyumba moja ya Shirere inaweza kuwa karo ya muhula.

Sheria inakataza mtu kufanya biashara ya hisa kwa kutumia siri za ndani ya kampuni. Hata hivyo, adhabu hufuata baada ya tendo. Soko nalo haliwakutanishi muuzaji na mnunuzi ana kwa ana, hivyo aliyeuza kwa bei ya chini ni vigumu kujua nani alimpunja, sembuse kumdai.

Hata waliovumilia hadi mwisho wakalipwa Sh23 hawakuwa na uamuzi mkubwa mikononi mwao. Mwaka 2019 Rubis ilikamilisha ununuzi na KenolKobil ikaondolewa sokoni. Aliyetaka kubaki na hisa zake awarithishe watoto hakuwa na njia.

Baada ya hapo, kampuni ya kuuza mafuta iliyobaki NSE ni ile iliyojulikana kama Total Kenya, ambayo tangu mwaka 2021 inaitwa TotalEnergies Marketing Kenya. Hapa malalamiko ni ya aina nyingine. Kampuni mama ya Ufaransa inamiliki sehemu kubwa mno ya hisa, na zinazozunguka sokoni ni chache. Mwenye hisa anaweza kupokea mgao wa faida, lakini akitaka kuuza hisa nyingi kwa siku moja huenda asipate mnunuzi wa bei anayoitaka. Bei iliyoandikwa gazetini si fedha mfukoni.

Kwa mkazi wa Kakamega, simulizi hizi haziwezi kutenganishwa na Mumias. Kiwanda hicho cha sukari kiliuzia umma hisa mwaka 2001 kwa Sh6.25, na miongoni mwa walionunua walikuwa wakulima waliokiuzia miwa. Biashara ya hisa zake iliposimamishwa mwaka 2019, kampuni ikiwa mikononi mwa mrasimu, hisa moja ilikuwa senti 27. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ndiyo sababu dalali anayekuja Shirere kuuza hisa za kampuni yoyote, iwe ya sukari au ya mafuta, huulizwa kwanza habari za Mumias.

Wala tatizo hili si la Kenya peke yake. Tullow Oil, iliyotangaza kupata mafuta Turkana mwaka 2012, ilikuwa kipenzi cha wawekezaji wadogo katika soko la London. Desemba 2019 ilipunguza makadirio ya uzalishaji, ikasitisha mgao wa faida na mkurugenzi wake mkuu akaondoka. Hisa zake ziliporomoka kwa zaidi ya asilimia 70 kwa siku moja. Mwaka 2025 ilikubali kuiuzia Gulf Energy mali yake ya Kenya. Mwekezaji wa London mwenye intaneti na magazeti ya fedha mezani naye aliamka akakuta nyumba imeungua.

Tofauti ni kwamba mwekezaji wa Kakamega huanza safari akiwa nyuma zaidi. Ripoti za kampuni huandikwa kwa Kiingereza cha wahasibu. Yeye husikia habari kupitia redio, au kwa jirani, wakati bei imekwisha kuzipokea. Ni kweli kwamba baadhi ya vizuizi vimeondolewa. Tangu Agosti 2025, kwa mfano, mtu anaweza kununua hata hisa moja NSE, badala ya kulazimika kununua 100. Mlango umepanuliwa, lakini taa ya ndani haijawashwa.

Ndiyo maana suala hili lina uzito sasa. Januari 2026 serikali iliwaalika wananchi kununua hisa za Kampuni ya Mabomba ya Mafuta (KPC) kwa Sh9 kila moja, katika mpango wa kuuza asilimia 65 ya umiliki wake. Hii ndiyo kampuni ambayo bomba lake, tangu mwaka 1994, huleta mafuta hadi Kisumu na Eldoret, na kutoka huko mafuta yanayochomwa Kakamega. Haiuzi petroli. Hutoza ada ya kuisafirisha, na ada hiyo nayo husimamiwa na mdhibiti yule yule.

Anayefikiria kununua hisa za namna hii ana maswali manne ya kuuliza kabla ya kutoa akiba yake. Nani hupanga kiasi cha faida ya kampuni? Nani ndiye mwenye hisa mkubwa, na masilahi yake yanalingana na ya mdogo? Siku ya kuuza, wanunuzi watakuwepo? Na mgao wa faida umekuwa ukilipwa kwa uthabiti gani?

Mdhibiti wa soko naye ana deni lake. Hawezi kuahidi kwamba bei itapanda, na hakuna mwekezaji mwenye busara anayemdai hilo. Kushuka kwa bei ni sehemu ya biashara, na mzee wa Shirere aliyewahi kupanda mahindi mvua ikakosa kunyesha anaijua hasara ya aina hiyo. Asichokubali ni kupanda mbegu shambani huku jirani yake akiwa amekwisha kuambiwa siku ya mvua.