Eksirei ya papo kwa papo: Chumba cha giza kimehamia wapi?

TANGU Mjerumani Wilhelm Röntgen alipogundua mionzi ya eksirei mwaka 1895 hadi kompyuta zilipoenea hospitalini, kikwazo cha kuitumia mbali na miji hakikuwa mashine peke yake. Kilikuwa pia chumba cha giza, pamoja na maji safi, dawa za kusafishia picha na mtaalamu anayezijua dawa hizo.

Ndiyo maana filamu inayojisafisha yenyewe ilipokewa kwa matumaini. Mmarekani Edwin Land alionyesha hadharani picha za papo kwa papo mwaka 1947, na katika miaka ya 1950 kampuni yake ya Polaroid ilikuwa imekwisha kuipeleka teknolojia hiyo kwenye eksirei. Baadaye madaktari wa meno nao walipata pakiti ndogo yenye filamu na dawa yake ndani. Pakiti ikishapigwa mionzi, dawa huachiwa itiririke juu ya filamu, na baada ya kama dakika moja picha ya jino huwa tayari. Hakuna chumba cha giza wala foleni.

Hata hivyo, urahisi huo una gharama. Vitabu vya taaluma ya meno vinaeleza kwamba picha za filamu hizi ni hafifu kuliko za filamu ya kawaida na huharibika upesi zikihifadhiwa. Pakiti yake hupinda kirahisi mdomoni, na haina ile karatasi nyembamba ya madini ya risasi ambayo katika pakiti ya kawaida hupunguza mionzi inayopita nyuma ya filamu. Bei yake nayo iko juu.

Anayebeba mzigo huo ni mgonjwa. Picha isiyoonyesha vizuri ncha ya mzizi humlazimu daktari kuirudia, yaani mionzi mara ya pili, au kuamua kwa kukisia. Na picha iliyofifia baada ya muda haiwezi kulinganishwa na mpya ili kujua kama ugonjwa unapona au unaenea.

Lakini kuna somo zito zaidi. Kwa hakika, chumba cha giza hakikuondolewa, bali kilihamishiwa kiwandani. Dawa ambayo fundi wa hospitali angeweza kuichanganya mwenyewe sasa imefungwa ndani ya pakiti ya mtengenezaji mmoja. Polaroid iliomba kinga ya mufilisi mwaka 2001, na mwaka 2008 ikatangaza kuacha kutengeneza filamu za papo kwa papo. Aliyekuwa ameitegemea filamu hiyo alibaki na kifaa kizima kisicho na kazi.

Je, hali hiyo imepita? La hasha. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza kwamba programu za kompyuta zinaweza kutumika badala ya jicho la mtaalamu kusoma picha za kifua wakati wa kuwachunguza watu wa miaka 15 na kuendelea kama wana kifua kikuu. Ni hatua njema kwa nchi kama zetu, ambako madaktari bingwa wa mionzi ni wachache. Lakini chumba cha giza kimehama tena. Safari hii kimo ndani ya programu, leseni yake, betri na vipuri.

Kwa hiyo, kabla ya serikali au hospitali kusaini mkataba wa kifaa kipya, haitoshi kuuliza picha itatoka baada ya dakika ngapi. Iulizwe pia: inaonekana vizuri kiasi gani? Itahifadhiwa kwa miaka mingapi? Na mwuzaji akifunga duka, nani atakiendesha kifaa hicho?

Haraka haraka haina baraka, walinena wahenga. Mgonjwa anahitaji picha ya haraka, lakini zaidi ya hapo anahitaji picha ya kweli, itakayopatikana leo na mwaka ujao.